Mstari wa Kumi na Nne

"Toa mkono," Inspekta alisema.

Koplo akautoa. Alikuwa ameshaingia chumba cha swichi na kuanza kushikashika vitu kabla bosi wake hajavuka kizingiti.

"Nilikuwa naangalia tu, afande."

"Kuangalia ni kazi ya macho. Mikono weka nyuma."

Kituoni Inspekta huyo walimwita Mama Rula. Mwanzo walimwita hivyo akiwa ameshapita, baadaye wakazoea, wakamwita hata usoni, naye hakujali. Alitembea na rula ya mbao ya sentimita thelathini. Kila karatasi aliyopewa aliisoma kwa kuweka rula chini ya mstari mmoja, akimaliza anashuka wa pili, hivyo hivyo mpaka mwisho, hata kama ni barua ya kuomba likizo. Watu walichoka kumsubiri, lakini hakuna aliyewahi kumshika ameruka mstari.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, na muda haukuwa rafiki. Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, katika kiwanda hicho cha sabuni, fundi alikuwa ndani ya tangi namba tatu, lile la kuchanganyia, akibadilisha bolti za mapanga. Mwendeshaji wa mitambo, akiwa humu chumba cha swichi, akabonyeza kitufe. Mapanga yakazunguka. Walipozima, fundi alikuwa ameshakufa.

Hao wawili hawakuwa watu baki. Mke wa fundi ni dada wa mwendeshaji, tumbo moja, na kwa wiki tatu kabla ya siku hiyo mashemeji hao walikuwa hawasemezani. Kiwanda kizima kilijua. Ndiyo maana polisi waliofika Jumanne hawakuona sababu ya kuumiza kichwa. Saa nane mchana mwendeshaji angefikishwa mahakamani kusomewa shtaka la kuua kwa kukusudia. Saa tisa shemeji yake angezikwa.

Mjane alikuwa ametuma ujumbe kituoni, maneno machache tu: Kama kaka yangu ndiye aliyemuua mume wangu, niambieni kabla ya mazishi, nijue leo nazika wangapi.

Inspekta alikuwa ameusoma ujumbe huo kwa rula, kisha akaenda kumwomba Mkuu wa Kituo faili. Mkuu akampa mpaka saa saba na nusu.

"Tuanze upya," alisema, akafungua faili juu ya meza ya swichi. "Kielelezo cha kwanza."

Koplo akasoma. "Orodha ya kazi ya Jumanne. Kila asubuhi karani wa ratiba anaichapa kutoka kwenye jedwali la kompyuta, mwendeshaji anakuja kuichukua, anawasha mitambo mstari kwa mstari. Mstari wa kumi na nne: Tangi 3. Washa saa mbili na nusu fundi akishatoka na kusaini. Safu ya sahihi hapo pembeni iko tupu. Yaani fundi hajatoka, hajasaini, na jamaa kawasha. Anaoneshwa karatasi, anasema nini? 'Yangu haikuwa hivyo.' Basi. Njia ya mwongo fupi, afande."

"Karatasi yake iko wapi?"

"Anasema aliiacha mezani. Meza ndiyo hii. Haipo."

Kwenye kiti karibu na swichi alikaa mwendeshaji wa zamu, mzee mwenye pamba masikioni, akisubiri polisi waondoke afanye kazi yake. Tangi namba tatu lilikuwa limefungwa kwa utepe, lakini mengine yalikuwa yakinguruma upande wa pili wa ukuta. Kikombe cha chai kilitetemeka juu ya meza. Kalamu ilitetemeka. Hata kalenda iliyotundikwa ukutani ilikuwa ikicheza.

Inspekta alisimama akitazama dirisha kwa muda, na Koplo naye akalitazama asijue anatafuta nini.

"Hilo mbona limetulia?"

"Nini, mama?" Mzee akatoa pamba sikio moja.

"Dirisha. Chumba kizima kinatetemeka, kioo kimetulia."

"Aa, hilo! Tumelitia kabari. Lilikuwa linagonga mpaka kichwa kinauma. Tunakunja orodha ya kazi jioni tukimaliza siku, tunachomeka pale. Karatasi iko bure, mama, na kabari haiuzwi dukani."

Koplo alicheka. Inspekta hakucheka.

"Jumanne jioni nani alichomeka?"

"Mimi. Nilikuja kushika zamu baada ya ile... baada ya yale mambo. Nikakuta karatasi mezani, nikaikunja kama siku zote." Mzee akatoa na pamba ya pili. "Mimi sikujua kama inatafutwa, mama. Walisema wanayo tayari. Nilimsikia yule askari kwa sikio langu, anasema orodha tunayo."

"Ni kweli alisema," Inspekta alijibu. "Wewe huna kosa."

Akavaa glavu. Kati ya fremu na kioo kulikuwa na karatasi nyingi zilizokunjwa na kukandamizwa zikawa ngumu. Ya juu kabisa ilikuwa ya Jumatano. Ya pili yake ilikuwa ya Jumanne. Chini, kwa herufi ndogo, kompyuta ilikuwa imeandika muda wa kuchapwa: saa moja na dakika hamsini na tano asubuhi.

"Ile yetu imechapwa saa ngapi?"

Koplo akageuza kielelezo. Alikitazama mara mbili. "Saa sita na dakika ishirini. Mchana. Afande, saa sita mtu alikuwa ameshakufa."

"Ndiyo. Sasa soma huu wa kumi na nne."

Akaweka rula chini ya mstari. Koplo akainama.

"Tangi 3. Washa saa mbili na nusu." Akasubiri rula isogee. Haikusogea. "Basi?"

"Basi. Hakuna zaidi."

"Maneno ya fundi yako wapi?"

"Ndiyo kazi yetu ya leo." Akaelekeza ncha ya kalamu mwishoni mwa neno la mwisho, pale ukingo wa safu ulipokuwa. Palikuwa na kialama kimoja kimesimama, chembamba, kama mtu amekwaruza kwa ukucha.

"Wino umechuruzika," Koplo alisema.

"Wino hauchuruziki ukasimama wima." Akaipanga rula kutoka juu ya ukurasa hadi chini, sawasawa na ukingo wa safu. Kialama kilikaa juu ya ukingo huo, si kabla, si baada. Kwenye mistari mingine maneno marefu yalivuka ukingo bila wasiwasi na kuingia safu ya pili. Huu peke yake ulikatwa. "Hiyo ni herufi. Nusu ya herufi. Nusu nyingine imebaki kwenye kompyuta."

Mzee wa pamba alikuwa amesogea kusoma juu ya bega la Koplo, na hakuna aliyemfukuza. "Huo mimi ningewasha," alisema taratibu. "Tangi lenye fundi huwa wanaandika kuna fundi. Lisilo na fundi wanaandika saa tu. Huo umeandikwa saa tu. Ningewasha mimi, mama, na shemeji wa kugombana naye sina."

Ofisi ya karani ilikuwa juu, ngazi ya chuma. Karani alikuwa mwanamke wa makamo aliyekaribia kustaafu, mtandio umemlegea, macho mekundu. Meneja naye alikuwepo, amesimama nyuma ya kiti chake, mkono mmoja juu ya kompyuta kana kwamba itakimbia.

"Afande, mimi nilidhani hili limekwisha," Meneja alisema. "Watu walikuwa na ugomvi wao wa nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Kiwanda kinahusikaje?"

"Ugomvi wa nini?"

"Mama yake mwendeshaji, mkwe wa marehemu, anaumwa. Huyu anataka akakae kwake, yule anasema kwake pana nafasi zaidi. Wakatukanana hapo getini, watu wakaona."

"Kwa hiyo walikuwa wanagombania kumuuguza mgonjwa."

Meneja akaondoa mkono juu ya kompyuta.

"Mama," Inspekta akamgeukia karani, "nioneshe jedwali la Jumanne."

Lilipofunguka, Koplo akaruka. Safu ya tarehe ilikuwa imejaa alama za reli, ####, kutoka juu mpaka chini, hakuna tarehe hata moja.

"Afande! Hapa wamefuta! Angalia walivyoziba."

"Hakuna aliyeziba, kaka," karani alisema, na kwa mara ya kwanza midomo yake ikataka kucheka. "Safu nyembamba, tarehe haienei. Ikikosa nafasi inaweka hizo reli. Ona." Akavuta ukingo wa safu kidogo kwa kipanya, reli zikatoweka, tarehe zikajitokeza zote, timamu. "Kitu kipo. Hakionekani tu."

Koplo akakohoa, akaandika kitu kwenye daftari lake ambacho hakikuwa na maana yoyote.

"Kitu kipo, hakionekani tu," Inspekta alirudia. "Jumanne mchana, kabla ya kuwachapia polisi, ulifanya nini kwenye jedwali hili?"

"Sikubadilisha neno hata moja, naapa."

"Sijauliza maneno. Sura yake. Uliigusa?"

Karani alimtazama Meneja.

"Usinitazame mimi, mtazame yeye," Meneja alisema haraka.

"Nilipanua safu ya maelezo," karani alisema. "Na nikayakunja maandishi, yale marefu yashuke mstari wa pili ndani ya kisanduku, yasomeke yote. Meneja alisema polisi wanakuja, karatasi iwe nadhifu, tusionekane wachafu. Mimi nikaona ni adabu tu, mgeni humpi kitu kimekunjamana..." Hapo akajikatiza. Mkono ukaenda mdomoni. "Mungu wangu. Kwani ya asubuhi ilikuwaje?"

Inspekta akaweka karatasi ya dirishani mbele yake. Karani akaisoma. Hakuhitaji rula. Machozi yalimtoka hapo hapo, bila sauti, yakamtiririka mpaka kidevuni, na hakuyafuta.

"Na mimi nimewapa ile nyingine," alisema. "Nimewapa karatasi nzuri. Nimemfunga yule kijana wa watu."

"Bado hajafungwa. Rudisha safu ilivyokuwa."

Karani akafuta uso kwa ncha ya mtandio. Akaondoa ule mkunjo, akarudisha upana wa zamani. Mistari yote ilibaki na maneno yake. Yale marefu yalimwagikia kisanduku cha jirani na kuendelea. Mstari wa kumi na nne ukajikata kwenye neno nusu.

"Kwa nini huo tu?"

"Maneno yakiwa marefu yanapita juu ya jirani kama jirani ni mtupu. Jirani akiwa na kitu, yanasimama mlangoni, hayapiti." Akaonesha kisanduku cha sahihi cha mstari huo. "Lakini huyu jirani mtupu. Tazama mwenyewe."

Kisanduku kilikuwa cheupe kabisa.

"Ingia ndani yake."

Karani akabofya mara mbili. Kimstari cha kuandikia kikaanza kupepesa. Inspekta alichukua rula, akaipachika juu ya kioo cha kompyuta, kwenye ukingo wa kushoto wa kisanduku. Akamwambia karani aingie kisanduku cha mstari wa kumi na tano, halafu arudi wa kumi na nne, halafu tena.

"Kwenye wa kumi na tano kinapepesa ukingoni kabisa," alisema. "Kwenye huu kinapepesa hatua moja mbele. Koplo, unaona?"

"Naona, afande. Kimesogea."

"Kimesukumwa na nini?"

Karani alikuwa ameshajua. Mabega yalimshuka. "Nafasi," alisema. "Mtu kabonyeza kile kitufe kirefu cha nafasi. Ni wao, wa karakana! Nimesema mpaka mate yamenikauka. Mtu akitaka kufuta alichoandika, habonyezi kitufe cha kufuta. Anabonyeza kile kirefu, neno linaondoka, yeye anaona peupe, anaridhika. Kumbe ameacha nafasi ndani. Kila Ijumaa nakaa hapa naziondoa moja moja."

"Na ajali ilikuwa Jumanne."

"Ilikuwa Jumanne."

"Uliwahi kumwambia mtu, zaidi ya karakana?"

Karani hakumtazama Meneja safari hii. "Niliandika mara tatu. Nikaomba nipewe siku moja tu niupange upya ule mfumo, safu ya maelezo ikunjwe moja kwa moja, isikatwe hata jirani akiwa na kitu. Barua ninazo."

"Tulikuwa na oda nyingi," Meneja alisema.

Inspekta akamwomba karani kumbukumbu za jedwali. Lilitumiwa na kompyuta mbili, ya ofisi na ya karakana, na lilijiandikia lenyewe nani kagusa wapi. Karani alisoma, kidole kikifuata mistari juu ya kioo.

"Karakana. Saa moja na hamsini. Mstari wa kumi na nne, sahihi. Ameandika SAWA." Akashuka. "Karakana. Saa moja na hamsini na tatu. Mstari huo huo. Sawa imeondolewa. Dakika mbili baadaye nikachapa."

"Nani alikuwa karakana asubuhi hiyo?"

"Mmoja tu. Wenzake huingia saa tatu."

Hakuna aliyehitaji kuambiwa kuwa huyo ni marehemu. Koplo, ambaye tangu asubuhi mdomo haukupumzika, alivua kofia.

Inspekta akafungua orodha ya vitu vilivyokutwa ndani ya tangi na kwa marehemu, akaweka rula. "Bolti mpya moja, imeshafungwa kwenye panga la kwanza. Bolti mpya ya pili, mfuko wa kushoto wa ovaroli." Akafunga faili. "Alimaliza moja, akatoka, akaandika sawa. Akakumbuka ya pili, au akaikuta mfukoni. Fundi mvivu angeacha tu. Huyu alirudi kufuta, mtu asije akawasha. Akabonyeza kama walivyozoea wote, akaona peupe, akarudi ndani ya tangi kwa moyo mweupe. Angeiacha ile SAWA, angekufa. Ameifuta, nafasi aliyoiacha ikaziba onyo, akafa vile vile."

"Ajali haina kinga, afande," Meneja alisema. Alikuwa amepata nguvu. "Umejionea. Kajifuta mwenyewe, maskini. Si kosa la mtu."

"Hii ilikuwa na kinga." Inspekta alikuwa ameshasimama. "Chini, pembeni ya swichi, kuna ubao una misumari kumi na mbili. Kila msumari umeandikwa namba ya tangi. Hakuna kitu kimetundikwa. Palikuwa na nini?"

"Kufuli," karani alisema. "Kila fundi alikuwa na kufuli yake. Anaifunga kwenye swichi, ufunguo anaingia nao mfukoni. Hata umtukane namna gani, huwezi kuwasha mpaka atoke mwenyewe."

"Zilikuwa zinachelewesha," Meneja alisema. "Mtu anasahau ufunguo, mtambo umelala nusu siku. Mwaka jana tukakubaliana orodha inatosha. Orodha ndiyo kufuli."

"Mlikubaliana na nani?"

"Niliamua."

"Andika hivyo hivyo," Inspekta alimwambia Koplo. "Niliamua. Na uweke saa." Kisha akamgeukia Meneja. "Utatufuata kituoni. Chukua koti lako na barua tatu za huyu mama."

Mwendeshaji alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, mgongo ukutani, mtu mkubwa wa mifupa, mikono ya kazi imelala mapajani. Hakusimama Inspekta alipoingia. Saa ilikuwa sita na nusu.

"Nimeipata karatasi yako," alimwambia.

Aliinua uso.

"Ilikatwa. Ulichosema ni kweli. Shtaka la kuua kwa kukusudia halisomwi leo, na halitasomwa. Nimeshaongea na Mkuu."

Inspekta alitegemea ataomba maji, au atalia, au atauliza ni nani. Watu huuliza ni nani. Huyu aliendelea kumtazama tu.

"Kuna swali moja limebaki," Inspekta alisema, "na si la faili. Kutoka kiti chako mpaka mlango wa tangi ni hatua ishirini na mbili. Nimezipima. Zamani, kabla hamjagombana, ukiwa unataka kuwasha lile tangi ulikuwa unafanyaje?"

"Napiga kelele," alisema. "Namwita. Karatasi iseme isiseme, naita, shemeji weee, upo? Ananitukana kidogo, tunacheka, nawasha. Miaka tisa."

"Na Jumanne?"

"Nilisimama mlangoni mwa chumba cha swichi. Nilisimama pale, mama, nikasema, nimwite? Halafu nikasema, nimwite mimi tena? Wiki iliyopita nilimsalimia hakuitika. Karatasi imesema washa. Nikarudi nikawasha. Mnasema sikumuua. Haya. Mimi nilisimama mlangoni."

Inspekta alikaa naye kidogo sakafuni, kitu ambacho hakipo kwenye taratibu zozote za polisi. Kisha akasimama, akajipangusa sketi, akamwambia avae viatu.

Nyumbani kwa marehemu turubai lilikuwa limefungwa uani na viti vimejaa. Koplo alisimamisha gari mbali kidogo. Mwendeshaji alishuka, akafika getini, akaishia hapo. Watu walimwona. Mazungumzo yakafa, kuanzia viti vya mbele mpaka vya nyuma.

Mjane alikuwa chumba cha ndani, mkekani, amezungukwa na wanawake. Alipomwona Inspekta aliwaomba watoke. Alikuwa mwembamba, mtulivu kupita kiasi, na kanga ameishika kwa ngumi.

"Pole sana, dada."

"Nimeshapoa. Niambie."

Inspekta alimwambia. Hakupunguza. Alieleza karatasi mbili, herufi iliyokatika, kisanduku kilichoonekana kitupu. Mjane alisikiliza bila kupepesa macho.

"Kwa hiyo kaka yangu hakuona yale maneno."

"Hakuyaona."

"Na hiyo nafasi, nani aliiweka?"

Koplo, aliyekuwa mlangoni, alitazama chini. Inspekta angeweza kusema uchunguzi unaendelea. Ni sentensi ambayo kila polisi anayo mfukoni, na haijawahi kumnyima mtu cheo.

"Mume wako," alisema. "Alikuwa ameandika amemaliza. Akagundua bado. Akarudi kufuta."

Mjane alifumba macho. Mlio uliotoka kifuani mwake ulikuwa mdogo sana. "Ndiyo yeye," alisema. "Hata shati akipiga pasi, akiona mkunjo mmoja anarudia lote. Nilikuwa namcheka." Akafungua macho. "Kaka yangu amesema nini?"

"Amesema alisimama mlangoni kutaka kumwita. Hakumwita."

"Kwa sababu hawasemezani."

"Ndiyo."

Mjane alisimama. Wanawake waliokuwa ukumbini wakataka kumshika, akawapita. Alivuka uani, kati ya viti, miguu peku, mpaka getini. Kaka yake alipomwona anakuja alipiga magoti palepale kwenye vumbi, mbele ya watu wote.

Mjane alimpiga. Ngumi mbili, tatu, begani na kifuani, ngumi za mtu ambaye hajala siku tatu. Yeye hakujikinga. Kisha mikono ikamwishia nguvu, akaishika shingo ya kaka yake, akalia kwa sauti, na uani kila mtu akalia naye.

"Hukumuua," alisema alipopata pumzi. "Wamenieleza. Hukumuua, kaka. Lakini ungemwita! Neno moja tu, kaka, lingekugharimu nini?"

"Sina jibu, mdogo wangu."

"Najua huna. Hilo sijakusamehe, na usiniulize lini." Akamvuta mkono. "Simama. Wenzako wanasubiri kubeba jeneza, na upande wa kichwa nimekuwekea wewe."

Akasimama. Watu wakasogeza viti wakampisha njia.